Giza la Yoramu Chaula

Tulikuwa tumeshaaga, na guta letu la magurudumu matatu limeshaanza kushuka mteremko wa Ikungula. Nuhu alishika usukani, mimi nimekaa nyuma nimeikumbatia darubini kama mtu anayempeleka mgonjwa zahanati. Hapo ndipo mzee mmoja akatoka kwenye viazi vyake, akasimama katikati ya barabara na kutunyooshea fimbo.

"Mnakwenda wapi na hilo bomba?"

"Kwenye msiba mwingine, baba," Nuhu akamjibu. "Hapa tumechelewa. Mmeshazika."

"Tumezika juzi. Kwa hiyo ninyi mnafuata maiti kama kunguru?"

Nuhu akacheka. Mimi sikucheka, maana ndivyo ilivyokuwa hasa.

Asiyefika kule miaka ile ni vizuri aelewe. Milima yote ya kusini ilikuwa na kandili. Kila mtu mzima aliye hai alikuwa na yake moja juu ya shamba lake: puto kubwa kama nyumba ya msonge, ngozi yake inakunywa jua mchana kutwa, na magharibi ikifika hupanda kwa kamba na kuanza kumwaga joto chini. Joto lenyewe hulioni. Unachokiona ni mwanga wa waridi unaofuatana nalo, na kwa mwanga ule viazi vilikua usiku na mchana bila kujua tofauti. Sakitu, ile baridi nyeupe iliyokuwa ikiunguza majani alfajiri za mwezi wa saba, wajukuu waliisikia kwa bibi zao tu. Watu walishiba, nisiseme uongo. Ila nyota ziliisha.

Giza lilirudi kwa njia moja. Wenyeji wana neno lao: maiti haimulikwi. Mtu akifa, mjumbe wa kijiji anamwambia Mgawaji, na kandili zote za kijiji zinashushwa kwa usiku mmoja ili marehemu aende zake bila taa usoni. Mgawaji si mtu. Ni mashine inayogawa joto milima yote, na inasikia na kusema kupitia kidude ambacho kila mjumbe anakivaa shingoni. Basi aliyetaka kuwaonyesha wenzake galaksi ilimpasa afuate misiba. Mimi na Nuhu Msengi tulikuwa tumeifanya kazi hiyo misimu kadhaa. Tunafika, tunatoa pole, tunashika jembe kaburini pamoja na wengine, na usiku tunasimamisha bomba mbali kidogo na moto wa matanga. Anayetaka kutazama anakuja. Asiyetaka tunamwacha na majonzi yake.

Mimi kusoma nimesoma vipande: darasa la pili Uvinza, la nne Mpanda, halafu kwa fundi miwani mmoja wa Tunduma aliyenifundisha kusugua kioo. Kioo cha darubini yetu, kipana kama sinia la pilau, nilikisugua mwenyewe.

"Mimi ni Yoramu Chaula," akasema yule mzee, bado kasimama njiani. "Juzi kwenye giza la marehemu nilitazama juu. Kuna wingu refu limekatisha mbingu, upepo unavuma nalo haliondoki. Nikamuuliza mchungaji, akasema ni wingu. Wingu gani lisiloondoka na upepo?"

"Hilo si wingu, baba," nikamwambia. "Ni nyota nyingi mno, mpaka jicho linashindwa kuzitenga. Ndiyo galaksi yetu. Sisi tumo ndani yake."

"Nimo ndani, halafu naitazama?"

"Ukiwa ndani ya nyumba, ukuta si unauona?"

Akafikiri. Alikuwa na namna ya kufikiri huku akitafuna kitu ambacho hakipo mdomoni.

"Haya. Na nyumba za majirani?"

"Hizo ndizo zinazotaka bomba."

"Geuzeni guta," akasema.

*

Mkewe, Mama Zelida, alitupokea kwa viazi vya kuchemsha na pombe ya komoni, akimtazama mumewe kama mtu anayejua kwamba jioni haitakwisha salama. Habari zikasambaa. Jua lilipokuwa linazama uwanja ulikuwa umejaa, kila mtu anataka kugusa bomba, na sisi tunawaambia mikono chini, jicho ndilo litumike.

Halafu kandili zikapanda. Moja, tatu, kijiji kizima, mpaka mbingu ikawa na rangi ya ufizi. Nuhu akaelekeza bomba juu hivyo hivyo. Watu wakachungulia wakaona waridi. Waliokuwa nyuma wakauliza waliokuwa mbele wameona nini, wakajibiwa: ile ile, ila imekuja karibu.

"Hakuna dawa," nikawaambia. "Tutakuja tena."

"Siku akifa mwingine," akasema mtu.

"Anayefaa kufa yupo," akasema mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa. Huyu alikuwa mjumbe, Enelisia Tweve, kidude kikining'inia kifuani. Yeye na Mzee Yoramu walikuwa mabinamu, na binamu kule ni mtani wako mpaka kaburini. "Yoramu huyu hapa. Hana kazi yoyote."

"Nife nikuachie viazi vyangu?"

"Viazi vya Bonde la Chini nani anavitaka? Vimelimwa na mtu anayekoroma huku amesimama."

"Basi nizike," akasema mzee. "Nizike leo watu waone nyota. Utakuwa umefanya jambo moja la maana tangu ukivae hicho kidude."

Watu wakacheka. Ilikuwa mchezo wanaoujua. Kwenye msiba wa kwao mtani ana kazi yake: hulala kitandani pa marehemu, huiga kikohozi chake, huwakera wafiwa mpaka wacheke. Enelisia akajifunga kanga kichwani, akashika kiuno, akaanza kumlilia. "Yoramu wee, kikohozi chako umemwachia nani? Nani sasa atatuamsha alfajiri kwa kugombana na mbuzi?" Mzee naye akajinyoosha mkekani, kofia kifuani, macho kafumba. Hata Mama Zelida akaficha mdomo kwa kiganja.

Enelisia akainua kidude na kutengeneza sauti ya kazini. "Mgawaji. Hapa Ikungula. Yoramu Chaula amelala."

Watu wakaangua kicheko. Kidude kikasubiri kicheko kipungue, kama mtu mwenye adabu zake.

"Poleni sana, Ikungula. Yoramu Chaula, wa Bonde la Chini. Nithibitishe?"

Kicheko kikaisha. Enelisia akamtazama binamu yake. Mzee akafungua jicho moja.

"Yoramu, acha," akasema mkewe.

Mzee hakumtazama mkewe, wala mjumbe. Alikuwa anatazama ile waridi juu, anatafuna kile kitu ambacho hakipo. Kisha akatikisa kichwa: ndiyo.

"Thibitisha," akasema Enelisia, na hapo hakuwa mtani tena.

Kandili zikaanza kushuka.

*

Nimeona magiza mengi ya misiba, lakini kama lile sijawahi. Msiba wa kweli una moto, na huwezi kumwambia mfiwa auzime moto wake kwa sababu unaharibu macho ya watazamaji. Pale hapakuwa na mfiwa. Watu walikaa chini, wakanyamaza, wakasubiri macho yazoee. Kaupepo kalikuwa kanapita mlimani, nikafurahi kwa ajili ya viazi vyao, maana upepo haupatani na sakitu. Kidogo kidogo lile wingu refu la Mzee Yoramu likajitokeza kutoka mlima hadi mlima, na mtu mmoja akasema polepole, "Mama yangu."

Nuhu alikwisha kuilenga galaksi moja iliyo juu upande wa kusini.

"Wafu kwanza," akasema, akamsogezea mzee kigoda.

Mzee akaweka jicho. "Sioni kitu."

"Usiitazame usoni," nikamwambia. "Katikati ya jicho ni pavivu gizani. Tazama pembeni kidogo, kama unavyomtazama mama mkwe."

Akageuza jicho kwa heshima yote. Tukasikia pumzi yake ikisimama.

"Ipo," akasema. "Doa. Kama mtu amehemea kioo. Ina mkanda mweusi katikati."

"Mkanda ule ni vumbi."

"Vumbi la nani?"

"La nyota zilizokufa. Humo humo huzaliwa nyingine."

"Na doa lenyewe?"

"Majua, baba. Mabilioni. Na nuru inayoingia jichoni mwako sasa hivi ilitoka huko kabla duniani hakujawa na mtu hata mmoja."

Akaondoa jicho, akagusa kope lake kwa kidole, taratibu, kama anapapasa kitu kilichotua hapo. "Imetoka kote huko ije iingie kwangu?"

"Isingeingia kwako ingeangukia viazi."

"Kwa hiyo kila usiku inaangukia viazi."

"Inaangukia migongo ya kandili," akasema Nuhu.

Mzee akaketi pale pale chini karibu na miguu ya darubini, na hakuondoka tena. Kila aliyetazama alimuuliza: umeuona mkanda? Aliyesema hapana alirudishwa nyuma ya foleni akajifunze kumtazama mkwe.

Maswali yalikuja mengi kuliko niliyoweza kuyajibu, na niliposhindwa nilisema sijui. Kijana mmoja aliuliza kama huko juu kuna watu. Sijui. Mwanamke akauliza, kama wapo, wanatuona?

"Wakitazama huku leo, wanaona dunia ya zamani sana. Nuru ya kijiji hiki haijawafikia."

"Maana yake kwao mjumbe wetu hajazaliwa."

"Wana bahati," akasema mtu gizani.

Mjumbe mwenyewe, zamu yake ilipofika, alikaa kwenye kioo mpaka wa nyuma wakaanza kunung'unika. Alipotoka alinivuta pembeni.

"Mzee Kaluta, mama yangu yuko ndani, hainuki. Hana siku nyingi. Kila nikimlisha ananiambia, Enelisia, usije ukanizika kwenye mwanga. Hilo bomba linapita dirishani?"

"Halipiti, mama. Lakini kitanda kinapita mlangoni."

Tukamtoa nje na kitanda chake, wanaume wanne, na blanketi zote za nyumba. Alikuwa mwepesi. Hakuhitaji darubini. Alitazama juu, akamwambia bintiye jina la nyota moja kwa Kikinga ambalo Enelisia hakuwahi kulisikia, na Enelisia akamwomba alirudie.

*

Jioni iliyofuata kandili zikapanda kama kawaida. Isipokuwa moja. Ya Bonde la Chini ilibaki chini, imelala kwenye mfereji kama shuka iliyolowa.

Mzee aliipiga teke kidogo. Akaigeuza, akakagua kamba. Tulikuwa bado tunahangaika nayo fundi wa Mgawo, ofisi inayomhudumia Mgawaji, alipofika na pikipiki yake, binti wa Kinyakyusa aliyeitwa Tusekile, mwenye buti kubwa na uso wa pole.

"Kamwene. Poleni na msiba," akasema. "Nimekuja kuchukua kandili ya marehemu Yoramu Chaula."

"Ndiye mimi. Karibu kigoda."

Binti akacheka, akatutazama mmoja mmoja, akaacha kucheka. Enelisia alikuwa ameshafika, akamweleza yote bila kupunguza. Wakati anaeleza nikaelewa kosa letu lilipokuwa. Sisi wote tulidhani tunaomba usiku mmoja. Lakini kule ni nafsi moja, kandili moja, na nafsi ikiondoka kandili inaondoka nayo. Mgawaji aliwahi kufundishwa vifo vyote vya dunia, utani hakufundishwa.

"Si umrudishe tu?" nikasema. "Mwambie ni makosa. Mwambie wageni wawili walidanganya, uandike majina yetu."

"Mgawaji haulizi nani kadanganya, babu. Anauliza amekufa au hajafa." Tusekile alikaa kwenye kigoda, buti zake zimejaa udongo wa bonde lile. "Nikisema hajafa, kandili itapanda sasa hivi. Halafu atahesabu kwamba neno la mjumbe haliaminiki. Kuanzia kesho, milima yote, kila anayetaka giza la msiba ataambiwa amlete maiti mbele ya kamera, afunguliwe macho, amulikwe ili ihakikishwe. Huko mashariki yalishatokea, kwa sababu ndogo kuliko hii."

Kumfungua maiti macho na kumwangazia taa. Nilimwona Enelisia akishika kidude chake kana kwamba kimemuunguza.

"Na nisiposema?" akauliza mzee. "Yaani wewe usiposema."

"Nachukua puto naondoka. Umekufa. Hupati kandili tena maisha yako." Akasita. "Na jambo jingine, baba, ni vizuri ulijue. Giza mtu anapewa mara moja. Siku utakapolala kweli, hakuna kitakachozimwa."

Mzee akaondoka, akaingia shambani. Viazi vilikuwa vimetoa maua, meupe yenye zambarau, vimefika magotini. Bonde la Chini ni kama bakuli. Milima inalizunguka pande zote, na baridi ya usiku hutiririka humo kama maji na kutuama. Usiku wa kuamkia ile siku kandili yake ilikuwa chini, lakini upepo ulimwokoa. Jioni ile majani hayakutikisika hata kidogo.

Enelisia akamfuata mpaka ukingoni. "Binamu, sikuombi kitu."

"Usiniombe. Ukiniomba nitakataa, nikukomoe."

"Mama atakufa wiki hii au ijayo. Nakuambia tu, usije ukasema nilikuficha. Ukitaka kandili yako, dai. Mimi ndiye niliyesema thibitisha."

"Na mimi ndiye niliyetikisa kichwa."

Mama Zelida alikuwa amesimama na ungo mkononi muda wote huo. Alipozungumza hakupaza sauti. "Viazi hivyo nimevipanda mimi pia. Mgongo wangu umo humo." Mumewe akageuka kumsikiliza. "Mimi nina kandili yangu pale nyumbani, shamba ni dogo, tutakula. Lakini usije ukaenda huko kanisani ukajifanya umetoa sadaka kwa ajili ya wafu wa watu. Ulitaka kuona, ndiyo maana."

"Ndiyo," akasema mzee. "Nilitaka kuona."

"Na sasa?"

"Bado nataka."

Mama Zelida akautazama ungo wake. "Basi mwambie binti wa watu, asikeshe hapa."

Mzee akatoka shambani akijifuta mikono kwenye suruali. "Chukua puto lako, mama," akamwambia Tusekile. "Mimi nimekufa."

"Baba, una uhakika? Hilo la giza, siku yako—"

"Wenzangu wote hupewa giza lao wakiwa wameshafumba macho. Mimi langu nimelitazama mpaka nikachoka shingo. Unataka nipewe mara ngapi?"

Tusekile alilikunja puto taratibu, akitoa hewa kwa goti. Mzee alimsaidia kulifunga kwenye pikipiki, akakagua fundo mara mbili lisije likafunguka njiani.

Usiku ule sakitu ilishuka Bonde la Chini. Tulikaa naye ukingoni, mimi na Nuhu, tumejifunika gunia. Vijiji vya pande zote vilikuwa na waridi yao, lakini milima iliizuia, na mle bakulini palikuwa na giza la kutosha. Tulisimamisha bomba. Majani yalipoanza kuganda yalitoa sauti ndogo, kama mtu anayekanyaga makapi mbali. Mzee aliisikiliza kwa muda, akauliza ni nini kile kingine, pale chini ya ile nyota ya manjano. Nikamwambia ni galaksi pia. Akasogeza kigoda.

*

Asubuhi viazi vyote vilikuwa vyeusi. Wakaving'oa, wakalisha mbuzi vilivyofaa.

Mama yake Enelisia alifariki ndani ya mwezi ule. Mjumbe alitamka, Mgawaji akatoa pole na kushusha kandili, na hakuna aliyedai picha. Alizikwa gizani.

Tusekile alifanya kazi Mgawo miaka mingine michache, akahamishiwa pwani, akaolewa huko. Neno lile, kwamba mzee yu hai, hakulitoa.

Enelisia aliacha kazi ya ujumbe mwaka uliofuata. Alisema shingo inamuuma.

Nuhu alibaki Ikungula. Kandili hakupewa kwa kuwa si mwenyeji. Alijenga chumba ukingoni mwa Bonde la Chini na kubaki na darubini. Watu wa vijiji vingine wakaanza kuja, mwanzoni wa jirani, baadaye hata wa mbali, na hakikuhitajika kifo cha mtu. Mama Zelida aliwapikia, na aliendelea kusema kwamba mumewe ni mtu wa kujipendelea.

Mzee Yoramu alipanda pareto, ua lisiloogopa baridi, likakubali kiasi. Usiku aliwapanga watu foleni na kuwauliza kama wameuona mkanda. Aliishi misimu mingine kadhaa.

Mimi niliondoka. Niko Sumbawanga, nasugua kioo kingine.

Alipokufa kweli, mjumbe mpya alitamka jina lake. Mgawaji akajibu kwamba huyo alishakufa, na kandili zikabaki juu. Wakambeba wakaenda kumzika Bonde la Chini, katikati ya pareto yake, ambako tayari palikuwa na giza.